Abdi ni Jina la Nani?

Tuseme kuna mama anauza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Jina lake Halima Hassan Abdi. Biashara imekua, sasa anataka alama yake: ABDI. Anapeleka maombi KIPI, Nairobi.

Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ina kizingiti. Neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni jina la mahali au jina la ukoo halisajiliwi hivi hivi, mpaka mwombaji alete ushahidi kwamba linatofautisha bidhaa zake na za wengine. "Garissa" lingekwama hapo. Je, Abdi?

Marekani wana mizani yao ya ushahidi. Wanaoitwa hivyo ni wangapi? Zamani walifungua hata kitabu cha simu wakahesabu. Mwombaji mwenyewe analo jina hilo? Neno lina maana nyingine? Linasikika kama jina la ukoo?

Sasa lete mizani hiyo Garissa uone. Msomali hubeba jina lake, la baba na la babu, basi. Halima akiolewa habadilishi kitu. Watoto wake watafuata majina ya upande wa baba yao, na Abdi halitakuwemo. Jirani yake naye anaitwa Abdi, jina la kwanza kabisa. Ukihesabu vitambulisho utapata akina Abdi kibao, lakini hutapata ukoo mmoja unaoitwa hivyo.

Wakili mjanja atadakia: kumbe si jina la ukoo, lisajiliwe! Mimi hapo nakataa. Kizingiti hakikuwekwa kwa sababu ya mpangilio wa majina kwenye kitambulisho. Kiliwekwa ili jina la wengi lisizungushiwe ua na aliyewahi kufika Nairobi. Ni kweli, sheria humruhusu mtu kutumia jina lake kwa nia njema. Lakini barua ya wakili ikimfikia Abdi wa kibandani, atalipa nini kuithibitisha hiyo nia? Atafuta tu jina ukutani.

Wafugaji wa Kisomali wana alama ya zamani kuliko KIPI: sumad, chapa ya moto kwenye ngozi ya ngamia. Inaonyesha mnyama ni wa ukoo gani. Ngamia ana mwenyewe, lakini chapa ni ya ukoo mzima; hakuna ndugu anayeweza kuwakataza wenzake kuitumia.

Kwa hiyo ushahidi ningeutafuta soko la mifugo. Ita "Abdi!" kwa sauti, uhesabu wanaogeuka. Wote hao wana haki katika neno hilo, liwe jina lao, la baba au la babu.

Halima hajanyimwa riziki. Achore nembo, abuni neno lake, Abdi likae pembeni bila yeye kulidai peke yake. Jasho lake limo kwenye maziwa. Jina alilikuta.