Je, Taifa Laweza Kutubu?

Kila Jumapili tupigapo magoti kuungama, twaungama kwa wingi. Hakuna asemaye "mimi" peke yake; sote twasema "sisi". Juma moja, baada ya ibada, mzee mmoja wa mtaa wetu alitushika mkono pale mlangoni akasema, "Mwalimu, dhambi zangu nazijua na naziungama. Lakini hizi za wengine, ambazo sikuzitenda wala sikuziona, zanihusu nini?" Tulimwahidi kumjibu, na jibu tumelitafuta mbali, katika historia ya Marekani, somo tulilolifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu. Huko swali la mzee wetu liliwahi kuulizwa na taifa zima, tena likajibiwa kwa sheria na kwa fedha.

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Wamarekani wapatao 2,400 waliuawa siku ile moja, na nchi yao ikaingia katika Vita Kuu ya Pili. Katika majimbo ya pwani ya magharibi, hasa California, walikuwako watu wengi wenye asili ya Kijapani: wakulima wa mboga na matunda, wavuvi, wenye maduka. Wazee wao walizaliwa Japani, na sheria ya Marekani haikuwaruhusu kuwa raia hata wangeishi huko miaka 40. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1952. Lakini watoto wao walizaliwa Marekani, nao walikuwa raia kamili.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza wote wameoza. Ndivyo watu hawa walivyohesabiwa. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi Amri nambari 9066, iliyowapa makamanda wa jeshi uwezo wa kumwondoa mtu yeyote katika maeneo watakayoyataja. Amri yenyewe haikutaja Wajapani, lakini kila mtu alijua inamlenga nani. Watu wapatao 120,000 waliondolewa makwao, na theluthi mbili kati yao walikuwa raia. Waliambiwa wachukue vile tu wawezavyo kuvibeba. Wengi waliuza mali zao kwa bei ya kutupa. Kwanza walikusanywa katika viwanja vya maonyesho na vya mashindano ya farasi, na jamaa nyingine zililala mazizini. Kisha wakapelekwa katika kambi kumi zilizozungushiwa seng'enge na kulindwa na askari wenye bunduki, nyingi zikiwa katika nchi ya jangwa.

Katika kambi ya Tule Lake alikuwamo Kasisi Daisuke Kitagawa, wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni ndugu yetu katika ushirika wa Anglikana. Alifungwa naye, akaendelea kuwachunga waumini humo humo. Kati ya waliofungwa alikuwako pia mtoto wa miaka kumi aitwaye Norman Mineta. Mtoto huyu alipanda gari moshi amevaa sare yake ya skauti, ameshika rungu la kuchezea mpira. Askari wakamnyang'anya rungu lile, wakisema laweza kuwa silaha. Tutamrudia mtoto huyu baadaye.

Je, watu hawa walishtakiwa kwa kosa gani? Hakuna. Hawakufikishwa mbele ya hakimu. Jenerali John DeWitt, aliyetaka waondolewe, aliandika kwamba kutokuwako kwa hujuma yoyote hadi siku hiyo ni dalili ya kutisha kwamba hujuma itatendeka. Tazameni, ndugu, jinsi hofu inavyofikiri: ukikosa, umekosa, usipokosa, wajiandaa kukosa. Na huko Hawaii kwenyewe, mahali mabomu yalipoangukia, watu wa asili ya Kijapani walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote, wala hawakuondolewa kwa jumla, kwa kuwa kazi za visiwa zingesimama bila wao. Basi walipohitajiwa waliaminiwa, na pale ambapo jirani aliyatamani mashamba yao hawakuaminiwa.

Kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, Fred Korematsu, mzaliwa wa Oakland, alikataa kwenda. Alikamatwa, akahukumiwa, akakata rufani mpaka Mahakama ya Juu. Mnamo Desemba 1944 majaji sita walisema serikali ilikuwa na haki, watatu walipinga. Wakati huo huo vijana wengine, ambao wazazi wao walikuwa kambini, walikuwa wakipigana na kufa huko Italia na Ufaransa katika kikosi cha 442 cha jeshi la Marekani, kikosi kilichopata nishani nyingi sana za ushujaa.

Vita ilikwisha, kambi zikafungwa, ya mwisho mwaka 1946. Sasa likaja lile neno ambalo sote tumelizoea: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mwaka 1948 ilipitishwa sheria ya kulipa fidia kidogo ya mali, lakini kosa lenyewe halikutajwa. Wazee wengi waliotoka kambini nao walinyamaza. Waliona haya, kana kwamba wao ndio waliokosa. Hapa, wapenzi, ndipo methali ile inapopungukiwa. Kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa huozea ndani, na aumiaye ni yule aliyejeruhiwa, si aliyejeruhi.

Watoto na wajukuu wao ndio waliouliza. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford aliifuta rasmi ile amri ya 1942. Mwaka 1980 iliundwa tume ya uchunguzi, na watu zaidi ya 750 walifika mbele yake kutoa ushahidi. Wengine walisema hapo mambo ambayo hata watoto wao hawajapata kuyasikia. Mwaka 1983 tume ilitoa taarifa yake: hapakuwa na haja ya kijeshi, vyanzo vilikuwa ubaguzi wa rangi, wazimu wa vita, na udhaifu wa viongozi. Mwaka huo huo jaji wa San Francisco aliifuta hukumu ya Korematsu, kwa kuwa ilionekana serikali iliificha mahakama ushahidi. Na tarehe 10 Agosti 1988 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyoomba radhi kwa niaba ya taifa na kuagiza kila aliyefungwa ambaye bado yu hai alipwe dola 20,000. Malipo yalianza mwaka 1990, nao waliolipwa walizidi 82,000.

Yule mtoto aliyenyang'anywa rungu alikuwa sasa mbunge, na ni mmoja wa walioipigania sheria hiyo. Aliyemsaidia katika Baraza la Seneti alikuwa Alan Simpson, ambaye utotoni aliingia katika kambi ya Heart Mountain pamoja na maskauti wenzake wa mji wa jirani, akakutana na Mineta humo.

Hata hivyo palikuwa na hoja ya kuipinga, wala si hoja ya kijinga. Mkulima wa Kansas, aliyezaliwa mwaka 1950, alipe kodi kwa ajili ya kosa la mwaka 1942? Tena hoja yaweza kukazwa zaidi. Kama ilikuwa vibaya kumtwika mtoto wa California hatia ya Tokyo kwa sababu ya damu yake, yawezaje kuwa vyema kumtwika mkulima wa Kansas hatia ya Roosevelt kwa sababu ya utaifa wake? Je, hii si methali ya samaki imerudi kwa mlango wa nyuma? Hili ndilo swali la mzee wetu.

Sisi twaona kwamba hatia ni kitu kimoja, na deni ni kitu kingine. Hatia hukaa katika moyo wa aliyetenda, wala hairithiwi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataza Israeli ile methali ya baba kula zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi. Lakini deni hurithiwa. Mtu akirithi shamba la baba yake, hawezi kusema, "Minazi ni yangu, lakini deni lililonunulia minazi ni la marehemu." Yule mtoto wa California hakurithi chochote kutoka serikali ya Tokyo. Mkulima wa Kansas alirithi mengi kutoka serikali ya Washington: barabara, shule, amani, na katiba ile ile ambayo Amri 9066 iliivunja. Serikali iliyotia sahihi mwaka 1942 na ile iliyotia sahihi mwaka 1988 ni serikali moja. Hakuambiwa, "Wewe ni mwovu." Aliambiwa, "Nyumba uliyomo ina deni." Nehemia naye, aliposikia habari za kuta za Yerusalemu, aliungama dhambi za watu wake na za nyumba ya baba yake, ingawa yeye alikuwa mbali, mnyweshaji wa mfalme.

Basi taifa laweza kutubu, na dalili zake ni tatu: hulitaja kosa kwa jina lake, hulipa kitu kinachouma, na siku hofu ijapo tena hujizuia. Kwa dalili mbili za kwanza Marekani ilifanya vizuri. Ya tatu ndiyo ngumu. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Waislamu na Waarabu wa nchi ile waliogopa sana. Mineta alikuwa waziri wa uchukuzi wakati huo, na amesimulia kwamba Rais George W. Bush aliwaambia mawaziri wake kuwa lililompata Mineta mwaka 1942 lisitendeke tena. Kambi kumi hazikujengwa. Hata hivyo Korematsu, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, aliona yafaa kuiandikia Mahakama ya Juu kuwatetea waliofungwa Guantanamo bila hukumu. Na mwaka 2018 Mahakama hiyo ilitamka kwamba hukumu ya Korematsu ilikuwa kosa kubwa tangu siku ilipotolewa. Lakini ilitamka hayo katika hukumu ile ile iliyoruhusu amri ya kuwazuia kuingia Marekani watu wa mataifa kadhaa, mengi yao ya Waislamu. Mtu aweza kuungama dhambi ya jana kwa sauti kubwa, huku mkono wake ukiwa karibu na ya leo.

Tena ni rahisi zaidi kulipa deni dogo. Baraza la Wawakilishi liliomba radhi kwa utumwa wa watu weusi mwaka 2008, na Seneti mwaka 2009, lakini hawakulipa kitu. Mswada wa kuunda tume tu ya kuchunguza jambo hilo uliletwa mara ya kwanza mwaka 1989, nao hadi leo haujawa sheria. Hatusemi haya ili kuwacheka Wamarekani.

Hatuwezi kuwacheka, maana tunalo letu. Tulipokuwa walimu vijana katika chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, magodoro yaliibwa ghalani. Mmoja wa wanafunzi waliotoka wilaya fulani alionekana karibu na ghala usiku. Kikao cha walimu kikawarudisha nyumbani wanafunzi wote saba wa wilaya ile kwa muhula mzima. Nasi tulikuwamo kikaoni, tukainua mkono. Miezi michache baadaye mwizi alijulikana, wala hakuwa mwanafunzi. Wale saba walirudi darasani, na hakuna aliyewaambia hata pole. Tulisema, yaliyopita si ndwele. Mmoja wao hakurudi kabisa. Baba yake alikwisha kumtafutia kazi nyingine.

Mwaka huu, tukiandaa makala haya, tuliwaandikia wale tuliowapata, wanne. Mmoja alijibu kwa maneno machache: "Mwalimu, nilidhani nyinyi mmesahau. Mimi sikusahau hata siku moja." Hakusema ametusamehe, wala hatukuwa na haki ya kumdai msamaha. Walimu wa leo wa chuo kile hawakuwako. Hatia si yao. Lakini katika vitabu vya chuo majina ya wale saba bado yameandikwa kuwa walisimamishwa kwa wizi, na kalamu ya kuyasahihisha iko mezani pao, si petu. Tumewaandikia nao, tunangoja.

Basi, mzee wetu, jibu ni hili. Unapoungama kwa wingi, huambiwi kwamba uliyatenda yote. Unaulizwa kama umo nyumbani, na kama uko tayari kutazama ni nani aliyetolewa nje ili wewe upate nafasi ya kukaa. Jumapili ijayo tutapiga magoti pamoja nawe, tukiwakumbuka wale saba kwa majina yao.