Wanasimba, Isomeni Tarehe ya Mkataba

Wanasimba wenzangu, ndugu zangu wa Kilindoni, Kirongwe, Kanga, Bweni na Jimbo hapa Mafia, nanyi mnaopitisha vyombo vyenu kando ya Shungimbili huku redio mmeifunga ndani ya mfuko wa nailoni isiingie chumvi, nisikilizeni. Nawaandikia kwa mapenzi, na nawaandikia kwa uchungu.

Nimechoka kusikia laana. Tangu Mohamed Hussein, Tshabalala wetu, alipovaa kijani na njano ya Yanga katikati ya mwaka 2025, jina lake halitajwi barazani bila mtu kutema mate. Nahodha wetu! Kijana aliyekuja kutoka Kagera Sugar mwaka 2014, akasimama beki ya kushoto misimu 11, akashika kitambaa cha unahodha, akanyanyua makombe ambayo sisi wa visiwani tuliyashangilia hadi sauti zikakauka. Mkataba wake ukafika mwisho. Akaaga. Akaenda alikotakiwa. Leo anaitwa msaliti na watu waliokuwa wakiwapa wana wao wa kiume jina lake.

Amesaliti nini? Ameiba nini? Semeni, nataka kusikia.

Sisi tumelelewa vyuoni. Tulikaa kwenye mikeka tukafundishwa kwamba Suratul Maida inafunguka kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba yao. Tukafundishwa pia kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi mtu aliyetimiza mkataba wake mpaka siku ya mwisho ametimiza. Hadaiwi. Aliyefanya kazi yake yote hana deni na aliyemwajiri, na mwenye kumlaani anajibebesha mzigo usio wake. Kama kuna wa kuulizwa, ni yule aliyekuwa na kalamu mkononi na tarehe mbele ya macho, akaacha miezi ipite.

Maana tarehe haikuwa siri. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji aliyebakiza miezi 6 au chini ya hapo anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine na hata kusaini nayo mkataba wa baadaye. Na kabla ya Tshabalala, mkataba wa Clatous Chama na Simba ulikuwa unakwisha Juni 2024. Maana yake ni kwamba tangu Januari ya mwaka huo mlango wake ulikuwa wazi, na kila mwenye nia aliweza kubisha hodi. Sisi tulikuwa wapi Januari? Wapenzi tulikuwa tukibishana juu ya jezi. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga wakamtangaza. Hawakulipa ada ya uhamisho hata shilingi moja.

Chama! Mnamkumbuka Chama? Desemba 2018, Nkana walikuwa wametufunga 2-1 kule Kitwe, tukawapiga 3-1 Dar es Salaam, na bao la tatu akalifunga yeye kwa kisigino mechi ikielekea ukingoni. Bao lile ndilo lililotuingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019, AS Vita waliokuwa wametupiga 5-0 kwao wakaja kwetu, na Chama akafunga la ushindi wakati watu wameshaanza kushika vichwa. Robo fainali! Watu wa Mafia wasio na nauli ya kivuko cha Nyamisati walilia usiku ule kama waliokuwa jukwaani. Mtu wa aina hiyo hapewi nafasi ya kuondoka kimya kimya kwa sababu karatasi haikusainiwa kwa wakati. Ama unamwongezea mkataba, ama unamuuza ungali na haki ya kumuuza, ama unamwambia mapema na kwa heshima kwamba safari imefika mwisho. Agosti 2021 tulijua kufanya hivyo. Tulimuuza RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 akarudi. Miaka miwili baadaye tukasahau somo tulilokuwa tumelifaulu wenyewe.

Na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu nitasema jambo ambalo wengi wetu hatutaki kulisikia. Ubingwa wetu ulijengwa na wachezaji waliomaliza mikataba kwa wengine. Mwaka 2017 Simba ilikuwa haijachukua ligi tangu 2012. Azam wakabana matumizi, mikataba ikafika mwisho, na wakatoka watu wanne: John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Wote wakaja kwetu Msimbazi. Kipa, beki wa kulia, kiraka wa kila nafasi, na mshambuliaji aliyekuja kuwa nahodha. Msimu wa 2017/18 tukachukua ubingwa, tukachukua na mitatu iliyofuata, na msimu wa 2020/21 Bocco akamaliza mfungaji bora kwa mabao 16. Tulisema Bocco amewasaliti Azam? Tulisema Manula hana shukrani? Tulicheza ngoma! Tulisema viongozi wetu wana akili. Akili ile ile ikatumiwa dhidi yetu, tukaanza kusema dunia imeharibika.

Haki haina upande wa Msimbazi na upande wa Jangwani kwa Yanga. Tunakiri hivyo tukishinda, tukiri pia tukipoteza.

Haki hii yenyewe haikudondoka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, ambaye mkataba wake na RFC Liège ulikwisha, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, na klabu yake ikamng'ang'ania kwa kudai fedha juu ya mtu ambaye haikuwa tena na mkataba naye. Akashtaki. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mtu ni huru. Bosman alipoteza miaka bora ya uchezaji wake akipigania neno hilo, na matunda yake yanaliwa na wachezaji wa dunia nzima, pamoja na hao wanaochezea Taifa Stars. Mimi naiona haki hiyo ni njema. Mvuvi wa Mafia akimaliza msimu kwa tajiri mmoja wa nyavu anahamia kwa mwingine, na hakuna anayemwita msaliti. Kwa nini mwanasoka awe mtumwa ili sisi tufurahi?

Basi tatizo si huko. Tatizo ni usingizi wetu, na namna tunavyowapokea wageni.

Tazameni tunavyofanya dirisha la usajili likifunguliwa. Mtu anatua uwanja wa ndege, anavishwa skafu, tunapiga vigelegele, picha zinasambaa kabla hajafika hotelini. Hakuna anayeuliza: huyu alicheza mechi ngapi msimu uliopita? Goti lake likoje? Klabu yake ilimwachia kwa nini, na bila kudai chochote? Anakuja kwa miaka mingapi, na umri wake mwishoni mwa miaka hiyo utakuwa upi? Hapa kwetu hakuna nahodha anayenunua mashua kwa kutazama rangi. Anasubiri maji yatoke, anainama mpaka kwenye mkuku, anagonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole. Mchezaji asiyelipiwa ada ya uhamisho bado anataka dau la usajili, mshahara wa kila mwezi, nyumba, na nafasi ya mchezaji wa kigeni ambayo kijana mwingine angeipata. Fedha ile ambayo haikwenda klabuni imekwenda mahali pengine, na akikaa benchi miaka miwili imezama.

Watani wetu walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2022 walimchukua Lazarous Kambole wa Zambia baada ya kuachana na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Alionekana uwanjani kwa nadra sana. Shauri lake la malipo likafika FIFA, na mwaka 2024 Yanga wakafungiwa kusajili mpaka wamalizane naye. Msicheke. Ukicheka moto wa jirani, ndoo yako ya maji iko wapi? Nasi tunaweza kufikwa na hayo hayo dirisha lolote, kama tutaendelea kushangilia sahihi ambazo hatujui zimeahidi nini.

Na karatasi, ndugu zangu, karatasi! Mwaka 2020 Bernard Morrison wa Ghana alitoka Yanga akaja kwetu. Wao wakasema bado ana mkataba nao, yeye akasema hana. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikauangalia mkataba ule, ikaona kasoro zake, ikaamua kwa mchezaji. Yanga wakaenda mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi, na mwaka 2021 wakashindwa. Tulisherehekea, na sioni ubaya. Lakini mwaka 2022 mkataba wake kwetu ulipokwisha, Morrison alirudi kule kule alikotoka. Karatasi iliyowaumbua wao mwaka mmoja, mwaka mwingine ilifika mwisho mikononi mwetu. Anayeijali karatasi ndiye anayebaki na mchezaji.

Sisemi tusisajili wachezaji huru. Nasema tusajili kwa macho. Elie Mpanzu huyo hapo. Mkongomani aliyetoka AS Vita, akajaribu bahati yake Genk ya Ubelgiji haikutimia, akatua kwetu mwaka 2024 na akalazimika kusubiri dirisha dogo ndipo aanze kucheza. Viongozi wetu walimjua, walimfuatilia, walikuwa na nafasi yake upande wa ushambuliaji kabla hajafika. Miezi michache baadaye tulikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 2025, tukapoteza 2-0 kule Berkane na kutoka sare ya 1-1 New Amaan, Zanzibar. Tulilia, lakini tulilia tukiwa fainali. Usajili wa namna ile mimi nausimamia mbele ya yeyote.

Ila mwezi mmoja baada ya fainali ile, tarehe 25 Juni, tukafungwa 2-0 na Yanga katika mechi iliyoamua ubingwa. Ubingwa wao wa nne mfululizo. Chama akaondoka Jangwani baada ya msimu mmoja tu, akaenda Singida Black Stars, lakini medali ya ubingwa alikuwa nayo shingoni. Kisha Tshabalala akahama. Watu wawili walioijua Simba kuliko majengo ya Msimbazi, ndani ya mwaka mmoja na kidogo, na kwa wote wawili hakuna ada iliyoingia kwenye akaunti ya klabu. Kama hili halituamshi, ni kelele gani itatuamsha?

Amkeni! Klabu hii tangu 1936 haijawahi kuwa mali ya mtu mmoja. Hata katika mabadiliko yaliyomleta mwekezaji, Mohammed Dewji, asilimia 51 waliachiwa wanachama. Asilimia 51 ni nyinyi. Ni mwanamke anayeuza pweza Kilindoni na kadi yake ya uanachama kwenye mkoba. Ni baharia aliyenunua jezi halisi wakati wenzake wananunua ya bandia, kwa sababu aliambiwa fedha yake inajenga timu. Mwenye asilimia 51 haombi msamaha anapouliza swali.

Nanyi vijana mnaocheza jioni mchanga ukipoa, mnaosubiri siku moja kuvuka kwenda Dar es Salaam kujaribiwa, sikilizeni hili kutoka kwa mtu mzima anayewapenda. Mtapewa karatasi. Msisaini mkiwa mmesimama. Mpelekeeni mwalimu, mpelekeeni wakili, mpelekeeni yeyote anayesoma kwa subira. Jueni mkataba unaanza lini, unakwisha lini, na mkiumia nani anawatibu. Kisha utumikieni mpaka dakika ya mwisho kama Tshabalala alivyoutumikia wa kwake.

Na nyinyi wenzangu mnaolaani, acheni. Acheni leo. Tshabalala akija na Yanga uwanja wa Benjamin Mkapa, mpigieni makofi wanapomtaja jina, kisha mpiganieni Simba dakika 90 kwa mapafu yenu yote. Kumheshimu hakupunguzi hata chembe ya wekundu wetu, na mchezaji tunayemtaka msimu ujao yuko mahali anatazama jinsi tunavyowatendea wanaoondoka.

Mkutano wa tawi ukiitishwa, nendeni. Mkutano mkuu ukiitishwa, changishaneni nauli ya kivuko na ya basi, mtume watu. Wasiende kupiga picha na wachezaji. Asimame mmoja wao, aseme jina lake na tawi lake, aulize: mikataba ya nani inakwisha Juni ijayo, na mazungumzo nao yameanza tarehe ngapi? Akijibiwa kwa wimbo, arudie swali. Akiambiwa akae, asikae mpaka apewe majina na tarehe.