Ndiyo Isiyofika Shambani

Katika Injili ya Mathayo, Bwana wetu asimulia habari za baba mwenye wana wawili, aliowatuma kufanya kazi katika shamba lake la mizabibu. Mmoja alikataa, kisha akajuta, akaenda. Wa pili aliitikia kwa adabu nyingi, wala hakwenda. Mfano huo twaukumbuka kila tusomapo habari za mikutano ya wakuu wa mataifa. (Katika vikao vya jumuiya zetu ndogondogo pia, ndiyo za namna hiyo hazikosekani.)

Mataifa sita tajiri yalikutana Rambouillet, Ufaransa, mwaka 1975. Leo ni saba, nayo yaitwa G7. Kundi lililo kubwa zaidi ni G20, ambalo wakuu wake walikutana mara ya kwanza Washington mwaka 2008. Makundi hayo hayana mkataba uyafungao wala ofisi ya kudumu. Uenyekiti huhama kila mwaka. Aliyeahidi jana leo hayupo mezani, naye aliyepo asema si yeye aliyeahidi. Maneno mema hayapungui huko. Anayepungua ni mtu wa kudai hesabu.

Haki yatudai tutaje na lililo jema. Mwaka 2005, huko Gleneagles, Uskoti, wakuu walikubaliana kufuta madeni ya nchi maskini, na mwaka 2006 Tanzania ikawa miongoni mwa zilizofutiwa. Hapo mwana alikwenda shambani. Lakini katika mkutano uo huo waliahidi kuiongezea Afrika misaada kufikia mwaka 2010, na kilichotolewa kikawa pungufu. Tena mwaka 2009, huko Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo 2020 yatatoa dola bilioni 100 kila mwaka, ili nchi maskini zikabili mabadiliko ya tabianchi. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Jirani akituahidi mtumbwi, kisha akatuletea akitaka tuulipie kidogo kidogo, tutamshukuru kwa neno gani?

Kwetu sisi wa pwani hii, mambo hayo si ya mbali. Mwezi Mei 2024, tufani Hidaya ilipopita, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa, abiria wakakwama njiani. Hatusemi mvua ile ililetwa na mkutano fulani. Twasema tu kwamba daraja halijengwi kwa tamko.

Septemba 2023, huko New Delhi, Umoja wa Afrika ulipewa kiti katika G20. Novemba 2025 wakuu wakakutana Johannesburg, mara ya kwanza katika bara letu, na Marekani haikuhudhuria. Wengi walisikitika. Sisi twaona kutokuwapo huko kulifunua ukweli, kwamba ushirika huo wasimama kwa hiari tu. Basi kiti cha Afrika kitumike kwanza kwa kazi moja: kuzisoma mezani ahadi za zamani, moja baada ya moja, na kuuliza ni ipi iliyotimizwa. Kwa kuwa mwenyekiti wa Umoja wetu naye hubadilika kila mwaka, yafaa akabidhiwe daftari hilo pamoja na kiti.