Mkono Mmoja Haulei Mwana: Wajibu wa Nyumba, Shule na Jirani

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii husikika sana msimu wa michango: shule inapotaka kujenga choo, mtaa unapotaka kumsomesha yatima, au mwenyekiti wa kamati ya shule anapofungua mkutano wa wazazi. Waliohudhuria huitikia kwa kichwa, kila mmoja akijua kwamba ameombwa afungue mfuko wake. Matumizi hayo si mabaya, ila yamechukua sehemu ndogo tu ya methali. Waliotuachia usemi huu walitaja mkono, na waliyemkusudia ni mwana, wala si jengo.

Maana yake ya nje utaiona kwa mama anayemwogesha mtoto mchanga kwenye beseni. Mkono wa kushoto umetangulia chini ya shingo, vidole vimefunguka kukishika kichwa ambacho bado hakijakaza. Wa kulia ndio unaochota maji, unaopaka sabuni, unaofuta macho. Anayetazama huona kazi ya mkono wa kulia tu, lakini ule wa kushoto ukiteleza kidogo, maji yaleyale ya kumsafisha mtoto yanakuwa hatari kwake. Tena mikono hiyo inasikilizana: wa kulia haumwagi maji mpaka wa kushoto umeshika sawasawa.

Hapo ndipo ilipo maana ya ndani. Malezi yanataka zaidi ya mkono mmoja, na yanataka mikono hiyo ijuane. Mtoto anaweza kuwa na mama, baba, bibi, mwalimu wa darasa, ustadhi wa madrasa na majirani kumi, na bado akalelewa kwa mkono mmoja, kwa sababu kila mmoja wao anamshika kwa wakati wake bila kujua mwenzake amemshika wapi. Wingi wa watu wazima kando ya mtoto haujawa malezi mpaka watu hao wawe na habari ya mtoto wanayopeana.

Wahenga waliizungushia methali hii ndugu zake. Wakasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakasema pia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa haraka, hii ya pili huonekana kama inapingana na yetu, kwa kuwa imemtwika mama peke yake mzigo wote. Lakini zisome pamoja. Ulimwengu unaotajwa pale ni mwalimu asiye na huruma: hufundisha kwa hasara, kwa aibu, wakati mwingine kwa kifungo. Humpokea mtoto ambaye mikono yenye huruma haikumfikia. Kwa hiyo anayekosa mikono ya kumlea habaki hivihivi bila mlezi, ulimwengu humchukua. Mikono mingi inahitajika ili pasibaki upenyo wa mtoto kuangukia huko.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia methali hii ikitumika kumsuta mama anayelea peke yake, au bibi aliyeachiwa wajukuu watano. Mtoto akifanya utundu, jirani hutikisa kichwa: si unaona, mkono mmoja haulei mwana. Usemi umegeuzwa kiboko cha kumchapa aliyekwisha kuchoka. Mwenye mkono mmoja tayari anautumia, tangu alfajiri hadi usiku. Wanaodaiwa na methali hii ni wale ambao mikono yao ipo na haina kazi: baba anayeishi mtaa wa tatu, mjomba mwenye nafasi, jirani anayeona kila kitu kutoka barazani, mwalimu anayejua jina la mtoto lakini hajui kwao. Methali inawaita hao wasogee.

Hakuna umri unaohitaji wito huo kama wa shule ya msingi. Mtoto wa darasa la kwanza bado ni mtu wa nyumbani aliyeazimwa shuleni. Huyu wa darasa la saba ana nusu ya maisha yake huko. Katikati ya hapo ndipo anapojifunza kwamba watu wazima wa sehemu mbili ama wanazungumza, ama hawazungumzi. Akishagundua kwamba hawazungumzi, atazoea kuishi maisha mawili, na tabu ya huku hataifikisha kule.

Tumchukue mtoto wa darasa la nne, wa aina ambayo mwalimu yeyote wa shule zetu anamfahamu. Kengele ya rimu la gari imegongwa, wenzake wamemaliza kufagia uwanja na kusimama mstarini, yeye anaingia getini anahema, shati halijakauka kwenye kola. Mwalimu wa zamu anamwambia apige magoti na wachelewaji wenzake. Kipindi cha tatu, hesabu za sehemu zikiwa ubaoni, kichwa kinashuka taratibu juu ya dawati. Mwalimu anamwamsha, darasa linacheka. Kwenye daftari la mahudhurio ana alama za utoro, nyingi zikiangukia Jumatatu. Mwisho wa muhula anapelekewa mama taarifa yenye maneno mawili: aongeze bidii.

Mama naye anajua jambo lake. Anajua kwamba bibi wa mtoto amepata kiharusi, kwamba yeye mwenyewe hutoka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua samaki wa kuuza, na kwamba mtoto ndiye anayepanga foleni ya maji bombani na kumlisha bibi uji kabla ya kwenda shule. Jumatatu ni siku ya kliniki ya bibi, na hakuna mwingine wa kumsindikiza. Mama hajui kwamba mtoto analala darasani. Anajua tu kwamba alama zimeshuka, naye anaona ni uvivu. Na jirani anayekutana na mtoto yule bombani kila alfajiri, mwenye binti mkubwa aliyemaliza kidato cha nne na anakaa nyumbani, hajui kwamba ndoo anazobeba zinamgharimu mtoto hesabu za sehemu.

Mikono mitatu imemshika mtoto mmoja. Kila mmoja una theluthi ya ukweli, na kila mmoja umefikia hukumu kwa theluthi hiyo: mwalimu anamwona mtoro, mama anamwona mvivu, jirani anamwona mtoto mwema mwenye kujituma. Mtoto anabeba hukumu zote tatu kichwani mwake, akiwa na miaka kumi. Dawa ya haya haihitaji bajeti. Mwalimu akiuliza, kabla ya kuadhibu, “Mwanangu, umeamka saa ngapi leo?”, na jibu hilo likafika kwa mama, na mama akamwambia jirani bila kuona haya, yule binti wa kidato cha nne anaweza kuchota maji siku tatu kwa wiki na kumpeleka bibi kliniki. Hicho ndicho methali inachokiita kulea.

Kuna jambo la historia lililotufanya tuusahau wajibu huu. Serikali ya Tanzania ilipotoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na kuanza kutoa elimu msingi bila malipo Januari 2016, milango ilifunguka kwa watoto wengi waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada na michango. Lilikuwa jambo kubwa na jema. Lakini mitaani lilitafsiriwa kwamba mtoto sasa ni wa serikali. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Fedha hiyo ni ya vitabu, chaki, mitihani na ukarabati mdogo. Sare, madaftari, chakula na matibabu vilibaki mikononi mwa mzazi. Na hata fedha ingekuwa mara mia, haipo ruzuku inayoweza kumuuliza mtoto kwa nini jana hakula.

Shule ambazo wazazi wamelielewa hili utazijua kwa moshi wa jikoni. Wamekaa kikao, wamekubaliana kila nyumba ilete debe la mahindi na kiasi cha maharage baada ya mavuno, mpishi amepatikana, na saa nne asubuhi watoto wamepanga foleni na vikombe vya plastiki. Mwalimu yeyote atakueleza tofauti ya darasa lililokunywa uji na lile ambalo halikunywa. Ila hapahapa methali inatupima. Yupo mtoto ambaye kwao debe halikupatikana. Akiambiwa akae pembeni wenzake wakinywa, tumechanga mahindi na hatujalea. Kikao cha wazazi chenye hekima hulimaliza suala hilo la wasio na uwezo siku ileile ya makubaliano, kimyakimya, ili foleni iwe moja.

Kila methali ina mpaka wake, na Waswahili huweka mpaka kwa methali nyingine: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mikono mingi si ruhusa ya kila mtu mzima kumfanyia mtoto anavyotaka. Tumezoea kusifu zamani, kwamba mzee yeyote aliweza kumchapa mtoto wa yeyote. Tusiisifu bila kuipima. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono. Waliowatendea hayo wengi hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu, majirani, walimu, watu ambao mtoto aliambiwa awaamkie shikamoo.

Mkono unaoumiza haumo katika hesabu ya mikono ya methali hii. Hata sheria ya viboko shuleni imeweka mipaka ambayo wengi hawaijui: kwa kanuni za mwaka 2002, anayeadhibu ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi madaraka hayo, viboko havizidi vinne, na adhabu huandikwa kwenye kitabu. Mzazi anayefika shuleni na kusema, “Mwalimu, huyu nimekukabidhi, mnyooshe tu,” anadhani ameongeza mkono. Kwa kweli ameondoa wake. Kazi mojawapo ya mikono mingi ni kulindana, kila mmoja ukiutazama mwingine, ili mtoto anayeumizwa upande mmoja awe na upande mwingine wa kukimbilia. Na pale pande zote zinapomwangusha, simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Mtoto anastahili kuijua kama anavyolijua jina lake.

Basi nyumbani tufanye nini? Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane, inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. La tatu ndilo gumu kulinunua. Mwitikio maana yake mtoto akisema, mtu anasikia na kujibu. Watoto wetu wakirudi kutoka shule huulizwa swali moja: umepata ngapi? Waulizwe pia ulikaa na nani, nani alikuudhi, ulicheza nini, kuna aliyelia leo darasani? Maswali haya hujibiwa polepole, mtoto akimenya vitunguu au akivua viatu, wala si mbele ya wageni. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuyauliza vizuri sana. Anaweza pia kusema, “Nifungulie daftari nione,” akatazama tu, na mtoto akajua kwamba kazi yake ina mtu.

Na akina baba, neno hili ni letu. Mikutano mingi ya wazazi hujaa khanga na vitenge, kofia zikawa za kuhesabu. Baba hutafutwa mambo yakishaharibika, aje kutoa hukumu. Mtoto aliyezoea kumwona baba siku ya hukumu tu hatamletea baba jambo dogo, na mambo makubwa yote ya watoto huanza yakiwa madogo. Kufika shuleni siku ya kawaida, kumsalimia mwalimu wa darasa na kuuliza, “Wangu anaendeleaje, na ana rafiki?”, ni malezi yasiyohitaji fedha wala elimu.

Mwalimu naye asingoje mzazi aje. Ana wanafunzi wengi, pengine zaidi ya mia katika chumba kimoja, na haki haimtaki ajue siri za nyumba zote. Inamtaka atambue mabadiliko: aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, aliyekuwa msafi akachakaa, aliyekuwa akicheza rede akawa anakaa chini ya mwembe. Akishatambua, amwambie mtu: mzazi, mwalimu wa ushauri nasaha, au mjumbe wa mtaa pale ambapo mzazi ndiye anayetiliwa shaka.

Falsafa ya methali hii, kwa hiyo, ni kwamba jicho la mtu mmoja halitoshi kuuona utu wa mtoto, hata angempenda vipi. Mama humjua mwanawe kwa namna ambayo mwalimu hatamjua kamwe, na mwalimu humwona akiwa kati ya wenzake, mahali ambapo mama hafiki. Anayekubali kwamba hamjui mtoto kikamilifu huuliza. Anayejiona anatosha hunyamaza, na kimya chake hulipwa na mtoto. Wiki hii, kila mzazi amtafute mwalimu wa darasa amwambie jambo moja la nyumbani ambalo mwalimu hangelijua, naye aombe kuambiwa jambo moja la shuleni ambalo yeye hajawahi kulisikia.