Magoti Yasiyokunjika

JUMATANO

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya Hezekia. Kwa nini basi Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu?

Angalia mpangilio. Ahadi ilitangulia: siku ya tatu mfalme angepanda nyumbani mwa Bwana, na angeongezewa miaka 15. Ndipo tini zikaletwa. Aliyeahidi hakuona haya kutumia tunda la shambani, wala aliyeamini hakukataa kubandikwa.

Sasa chukueni mfano wa mama mzee wa pande za Izigo. Amelima kibanja cha migomba na kahawa miaka 40, amepanda mlima na ndoo kichwani, amelea wajukuu yatima. Tangu utoto amesalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Leo magoti yamevimba. Kanisa linapopiga magoti, yeye hubaki kwenye benchi na kuona aibu, kana kwamba maombi yake hayafiki. Jirani anamshauri akachanjwe chale. Mwingine anamletea unga usio na jina. Shemasi anamwambia aombe tu.

Kuhusu aibu: Daudi aliketi mbele za Bwana akaomba (2 Samweli 7:18). Benchi si dhambi.

Kuhusu maumivu, katika Huduma ya Uponyaji (1905) Ellen G. White anataja hewa safi, jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kumtumaini Mungu. Kwa goti tuanze na maji. Chovya taulo katika maji ya moto, likamue, uliweke juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 15 hadi 20. Misuli iliyokakamaa hulegea. Goti lililovimba ghafla hupendelea baridi. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asitumie moto, maana ataungua asijue. Kisha mazoezi: keti, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, ushushe, mara kumi. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa kazi. Kwa aliye mnene, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Tangawizi huwasaidia baadhi kidogo, tusiigeuze muujiza.

Chale ni jambo jingine. Wembe uliopita ngozi za wengi unaweza kuambukiza UKIMWI na homa ya ini. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, haihitaji kuelezwa hilo mara mbili. Na unga unaomaliza maumivu kwa siku moja huenda umechanganywa kwa siri na dawa kali za hospitali, ambazo zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Goti likiwa la moto, limevimba, na mgonjwa ana homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Sabato. Kiungo kilichoingiwa na vijidudu huweza kuharibika kwa siku chache.

Soma 2 Nyakati 16:7–12. Je, kosa la Asa lilikuwa kutibiwa miguu?

Wapo wanaolitumia fungu hili kuwazuia wagonjwa wasiende kwa daktari. Lakini anzeni kusoma nyuma kidogo. Kabla miguu haijaugua, Asa alikuwa amemtegemea mfalme wa Shamu, na mwonaji Hanani alipomkemea, akamfunga gerezani. Waganga hawakumpokonya imani. Walimkuta ameshaiacha. Hezekia naye alitibiwa, ila yeye alikuwa ameelekeza uso wake ukutani kwanza, akalia na kuomba.

Jadilini darasani: Ni nani katika kanisa lenu hubaki kwenye benchi wakati wa maombi? Je, mmewahi kumwuliza kwa nini? Wiki hii nani atamchotea maji, amchemshie, na kukaa naye hizo dakika 20?