KANZU NDOGO YA KILA MWAKA

Somo: 1 Samweli 2:18–21



Habari za utoto wa Samweli tumezoea kuzisikia kutoka sura ya tatu, usiku ule alipoitwa akadhani ni mzee Eli anayemwita. Tumeufundishwa usiku huo tangu Shule ya Jumapili. Lakini kabla yake uko mstari mfupi ambao wahubiri wengi huuruka, labda kwa kuwa wahubiri wengi ni wanaume. Ni mstari wa 19 wa sura ya pili. Unatueleza habari ya nguo tu: kwamba Hana alikuwa akimfanyia mwanawe kanzu ndogo, akampelekea kila mwaka alipokwenda Shilo pamoja na mumewe kutoa dhabihu.

Mwandishi hakutuambia rangi ya kanzu ile, wala uzi wake ulitoka wapi. Hata hivyo mama yeyote aliyewahi kushika sindano za kufumia ataona kwamba mstari huu umebeba kazi kubwa.

Hebu tufikiri pamoja. Hana alikaa Rama, na mtoto alikaa Shilo. Alimpeleka huko baada ya kumwachisha ziwa, maana ndivyo alivyomwahidi Mungu. Sasa, mtoto mdogo hangoji. Wauguzi wa kliniki wanatufundisha kwamba mtoto aliyezaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi hufikia kama 75 anapotimiza mwaka, na uzito wake huwa mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Baada ya hapo hupunguza mwendo, lakini hasimami. Mtoto wa miaka minne bado huongeza sentimita sita au saba kwa mwaka. Basi Hana alipoketi kuifanya kanzu ya mwaka mwingine hakuwa na mtoto wa kumsimamisha mbele yake ampime. Alikuwa na kumbukumbu ya mabega aliyoyashika mwaka uliopita. Ilimpasa akadirie. Na kila alipoongeza upana, alikuwa anakiri kwa mikono yake kwamba mwanawe yu hai, anakula, anakua, na kwamba Mungu aliyepewa mtoto huyo hakumsahau. Wengine wetu huomba kwa maneno mengi tusipate hata neno moja lenye imani kama ile.

Kiswahili chetu kimetupa kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Twasema kufuma kwa mtu mwenye kitanda cha mfumi anayetengeneza kitambaa, na twasema kufuma kwa mama mwenye sindano mbili na donge la sufu mapajani. Hana alikuwa wa ile kazi ya kwanza, kwa maana ufumaji wa sindano ulikuja baadaye sana. Lakini shida ya kumkadiria mtoto ni ile ile.

Hapa kwetu Morogoro jambo hili lina uzito wake. Mji wetu uko yapata meta 500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mwaka ni joto. Ukishika njia ya Mlali ukapanda Mgeta, ukafika Nyandira, umeingia nchi nyingine. Juu zaidi, uwanda wa Lukwangule unapita meta 2,400. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hulala mpaka jua limepanda, na watoto huonekana njiani kwenda shule wamekunja mikono kifuani. Huku chini sweta la mtoto ni pambo. Kule juu, ambako wengi ni ndugu zetu wa Kanisa Katoliki, nao watoto wao husikia baridi sawasawa na wetu, sweta ni hitaji kama chakula.

Na hapa tuseme jambo ambalo kina mama wa mjini watatusamehe. Tunawaona watoto wachanga wakiletwa kanisani mwezi wa Januari wamevikwa sweta, juu yake shali, na kofia ya sufu imefungwa kidevuni, na jasho linatiririka. Huo ni upendo, hatukatai. Lakini ni upendo uliomtazama jirani atasema nini, haukumtazama mtoto. Mtie mkono shingoni kwa nyuma. Kama amelowa jasho, mvue. Waganga wanatuambia pia kwamba nimonia huletwa na vijidudu, si na baridi peke yake, kwa hiyo mtoto anayepumua kwa shida haponi kwa kuongezewa sweta; apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto njiti mambo ni tofauti, maana yeye hupoteza joto upesi, na sehemu kubwa hupotelea kichwani. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, walipokuwa na mashine chache za kuwatia watoto joto, walianza kuwafundisha mama kuwabeba watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo inaitwa ya kangaruu, nayo imeenea duniani, hata katika hospitali za Tanzania. Mtoto havikwi mengi: nepi, soksi, na kofia. Kofia ya mtoto njiti haizidi ngumi ya mtu mzima kwa ukubwa, na mfumaji wa kawaida huimaliza jioni moja. Kama Umoja wa Mama katika parishi yenu unatafuta kazi ya mikono, hiyo ipo.

Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya kwanza ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, rafu za maduka zilipokuwa tupu na watu wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni au jozi ya khanga. Uzi wa sufu ulikuwa adimu. Mama alichukua sweta la baba lililochakaa viwiko, akalifumua kwa uangalifu, akaunyosha uzi kwa mvuke wa sufuria, akafuma masweta mawili ya watoto. Waliokosa sindano walinoa spoki za baiskeli. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba ikajaa sokoni. Leo sweta la mtumba la mtoto laweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko uzi wa kulifuma jipya.

Basi kwa nini mama afume? Swali hili ni la haki, na tusilijibu kwa maneno matamu. Mama mwenye watoto watano na shamba la mbaazi akinunua mtumba amefanya vema, wala asione haya. Nguo ya mtumba humtia mtoto joto. Ila tofauti ipo moja: nguo ile ilipimwa kwa mtoto mwingine, wa nchi nyingine. Anayefuma hana budi kumwita wa kwake: "Njoo, mwanangu, nikupime." Atashika mkono wa mtoto kutoka begani hadi kifundo. Ataona kidonda ambacho hakukionyeshwa. Ataona kwamba mbavu zimeanza kuhesabika. Fundi mzuri huanza sweta la mtoto shingoni akishuka chini, ili mwakani aufungue ukingo aongeze safu nyingine, na hapo tena atamwita mtoto ampime.

Hapa ndipo linapotuuma somo hili. Wengi wetu tuna watoto Shilo. Tunafanya kazi mjini, au Dar es Salaam, na mtoto tumemwacha mlimani kwa bibi yake. Mara nyingi haikuwa kwa kupenda. Chumba ni kimoja, mshahara ni mdogo, au mtoto alizaliwa kabla ya ndoa na bwana wa sasa hamtaki. Katika Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa kwa mama, bibi huyo wala wajomba hawamwoni mtoto kuwa mgeni, nasi tumshukuru Mungu kwa hilo. Tunatuma fedha kwa simu. Tunampa kondakta wa basi la Mgeta mfuko wenye nguo. Bibi anapiga simu jioni: nguo zimefika, ila zinambana.

Zinambana kwa sababu tulinunua za mtoto tuliyemwacha, na huyo hayupo tena. Aliyepo ni mwingine, amekua.

Hana hakumpa mtu kanzu ile ampelekee. Maandiko yanasema aliipeleka mwenyewe, naye hakwenda peke yake, alikwenda na mumewe. Akina baba, tusijifiche nyuma ya sindano za kina mama. Elkana alipanda njia ile kila mwaka, na wakati wa kurudi Eli aliwabariki wote wawili. Mtoto aliona baba na mama wamesimama, akavalishwa kanzu, na kama ilikuwa fupi au pana, iligunduliwa palepale.

Tena baada ya hapo Hana alijaliwa watoto wengine, wavulana watatu na wasichana wawili. Alikuwa na watano wa kuwavika nyumbani. Maandiko hayasemi mahali popote kwamba kwa ajili ya hao alimwachilia yule wa mbali. Dada zetu mlioolewa mkapata watoto wapya, na ninyi akina kaka mlioanza nyumba nyingine, msome mstari wa 21 polepole.

Wala tusisahau safari ya upande wa pili. Wako watoto wanaoshuka kutoka milimani kuja kufanya kazi katika nyumba zetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi, tena kazi nyepesi. Binti huyo anayelala jikoni, na ambaye tunamgawia gauni lililomchosha mama mwenye nyumba, naye ana mama Kinole au Matombo anayekadiria mabega yake gizani. Tunampa ruhusa ya kwenda kwao mara ngapi kwa mwaka?

Tukumbuke pia nyumba aliyowekwa Samweli. Haikuwa nyumba njema. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa wakipokonya nyama za dhabihu kwa nguvu, na mengine mabaya kuliko hayo. Katika nyumba kama hiyo mtoto mdogo angeweza kujifunza uovu mapema. Hana hakuweza kuwaondoa Hofni na Finehasi. Alichoweza ni kufika kila mwaka na nguo iliyomjulisha mtoto kwamba yuko mtu anayemkumbuka kwa vipimo vyake.

Yako masweta mengine ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Ni yale yaliyofumwa yasivaliwe. Baadhi ya kina mama katika makanisa yetu wana sanduku, na chini ya khanga limo sweta jeupe la mtoto aliyezaliwa akafa, au hakulia kabisa. Watu huwaambia wagawe nguo hizo upesi ili wasahau. Sisi hatuoni haraka hiyo imeandikwa wapi. Tabitha alipokufa Yafa, wajane walisimama wakimlilia Petro huku wakimwonyesha nguo alizokuwa akiwashonea, wala Petro hakuwaambia wazifiche. Mwenye Zaburi ya 139, katika mstari wa 15, anapotaja jinsi Mungu alivyomuumba mafichoni, anatumia neno la Kiebrania la kazi ya fundi anayetarizi nguo. Mtoto yule ambaye mama yake alikuwa akimfumia, alikuwa naye akifumwa. Mungu anajua kipimo chake. Mama, sweta hilo ni lako. Likae sandukuni muda upendao.

Mwinjili Yohana anatuambia kwamba kanzu ya Bwana wetu haikuwa na mshono, ilifumwa yote kutoka juu. Hakusema ni nani aliyeifuma, ila Wakristo wa zamani walipenda kufikiri ni Mariamu mama yake. Karibu mwaka 1400 mchoraji wa Ujerumani aitwaye Bertram alichora picha ambayo leo imo katika jumba la sanaa la Hamburg. Mariamu ameketi akifuma shati la mtoto kwa sindano nne, naye amekwisha fika shingoni. Mtoto yuko chini na kitabu chake. Malaika wawili wamekuja wamebeba msalaba, mkuki na taji ya miiba, na mtoto amegeuka kuwatazama. Sindano bado zimo mikononi mwa mama.

Turudi kwa Samweli. Aliishi akawa mzee, akawaamua Israeli miaka mingi, akafa, akazikwa Rama kwao. Baadaye Mfalme Sauli, kwa hofu ya Wafilisti, alikwenda usiku kwa mwanamke mwenye pepo huko Endori. Habari hiyo hatuisomi ili kumsifu mwanamke yule, na yeyote kati yetu anayepanda mlimani usiku kwa mganga asiitafutie huko ruhusa. Lakini angalieni neno moja. Sauli alimwuliza yule anayepanda ana umbo gani. Mwanamke akasema ni mzee, naye amejifunika vazi. Na neno lililotumika hapo, kwa Kiebrania meil, ni lile lile la kanzu ndogo ya Shilo. Sauli aliposikia habari ya vazi hilo, alijua kwamba ni Samweli.