Ushahidi wa Jiwe

Kila ushahidi huzaa maswali mawili: asemaye ni nani, na alikuwa wapi jambo alisemalo lilipotokea. Shahidi wa kibinadamu huapa, huulizwa, na uso wake hutazamwa. Jiwe haliapi wala halina uso. Hata hivyo wataalamu hulisimamisha kizimbani, likatoa habari za zama ambazo hapana mtu aliyebaki kuzisimulia. Jiwe hupata wapi haki ya kusadikiwa, na mwenye kulisadiki ana wajibu gani?

Usemi wa jiwe ni huu. Zipo atomi ambazo kwa asili yake hazidumu. Huvunjika moja moja na kugeuka kitu kingine, kwa mwendo ambao jua la kiangazi haliuharakishi wala baridi ya kipupwe haiucheleweshi. Hapana ajuaye atomi ipi itavunjika kesho. Lakini zikiwa nyingi, hujulikana nusu yake itakwisha baada ya muda gani. Kaboni 14, iliyomo katika mifupa, mbao na makaa, hupungua nusu kwa miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi mabaki yake huwa haba mno kupimika. Kwa mambo ya kale zaidi hutumiwa potasiamu 40, ambayo nusu yake huvunjika kwa miaka milioni 1,250 hivi, na sehemu yake hugeuka hewa iitwayo agoni. Volkano itemapo mawe yaliyoyeyuka, hewa hiyo hutoroka. Jiwe likiganda, agoni izaliwayo baadaye hufungwa ndani. Apimaye potasiamu iliyosalia na agoni iliyofungwa huhesabu muda wa kifungo.

Mwaka 1959 Mary Leakey aliona fuvu la kale katika Korongo la Olduvai, Tanganyika. Louis Leakey, mumewe, alilikadiria kuwa la miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu, kilichofanywa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa miaka milioni 1.75. Kadirio la bingwa lilizidiwa karibu mara tatu. Wengi walilipokea neno la jiwe kwa furaha, kwa kuwa lilikuza heshima ya fuvu lenyewe. Lakini shahidi asemaye neno la kupendeza hajajaribiwa bado.

Jaribu lilikuja Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, Kenya. Huko lipo tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS. Kipimo cha kwanza kilitoa zaidi ya miaka milioni 200, kwa sababu punje za mawe ya kale mno zilikuwa zimechanganyika na jivu. Frank Fitch na Jack Miller, wataalamu wa Uingereza, walichagua punje safi zaidi, na mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 fuvu lenye nafasi kubwa ya ubongo, lililopewa namba 1470, lilipatikana chini ya jivu hilo. Basi likahesabiwa kuwa la karibu miaka milioni 3, mzee kuliko jamaa wote wa mwanadamu waliojulikana wa namna yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: tarehe iliyomtukuza fuvu ilipata watetezi wengi.

Aliyeipinga alikuwa nguruwe. Basil Cooke alilinganisha meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora na yale ya bonde la mto Omo, Ethiopia, ambako matabaka yalikwisha pimwa. Nguruwe waliozikwa chini ya jivu la KBS walifanana na wale wa Omo wa miaka milioni 2 hivi. Nguruwe hakuwa na sifa ya kutafuta wala kiti cha kulinda. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walipata tarehe changa zaidi, na baada ya mabishano makali, vipimo vya miaka ya 1980 na 1981 vilikutana karibu na miaka milioni 1.9.

Mwenye shaka atasema: ikiwa kipimo kilikosea mara moja, kwa nini kisadikiwe tena? Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini inasahau jambo moja. Kosa halikufichuliwa na dhihaka ya wasiopima. Lilifichuliwa na upimaji uliotunzwa vizuri zaidi, na mashahidi wengine walioitwa wakasikilizwa. Baraza ambalo uongo hugunduliwa ndani yake lina haki ya kuaminiwa kuliko baraza ambalo uongo haukupata kutafutwa.

Wala jiwe halikusema uongo. Lilitoa agoni yote iliyokuwamo, ya kwake na ya wageni waliochanganyika nalo. Tafsiri ilikuwa kazi ya watu. Kwa hiyo wajibu wa mwenye kusadiki si kuinamia tarakimu, bali ni kuuliza masharti yake: je, hewa ilitoroka? Je, kitu cha kale kiliingia? Je, shahidi mwingine asiye na faida anakubali? Maswali hayo humpasa mtu kuyauliza kwa ukali zaidi siku ile jibu linapoafikiana na tamaa yake. Kumwuliza shahidi si kumtukana; ni heshima ambayo mwongo huiogopa na mkweli huistahimili.